Siku 163 bila kuzimwa

Jumamosi ya tarehe 19 Machi 2022, wiki mbili kabla ya Ramadhani, niliketi mbele ya seva ya ofisi moja hapa Lamu mjini nikaandika amri fupi, ile inayoiuliza mashine imekuwa macho kwa muda gani. Ikajibu: siku 163.

Nambari hiyo ilikuwa fahari yetu. Umeme wa kisiwani hukatika bila kubisha hodi, na tangu Oktoba, kila ulipokatika, betri na sola tulizofunga juu ya paa ziliibeba ile mashine mpaka umeme uliporudi. Mkuu wa ofisi alikuwa akiwaonyesha wageni kijichumba chake na kuwaambia, “Hii haijazimika tangu mwaka jana.” Nami nilikuwa nikisimama pembeni moyo wangu umetulia, maana ile kazi ilikuwa ya mikono yangu.

Kisha nikaandika amri ya pili, inayouliza ni kerneli ipi inayofanya kazi saa hii. Ikanitajia ile ya Oktoba. Nikaangalia diski. Kerneli mpya ilikuwepo, imejishusha yenyewe usiku kama nilivyoipangia, imewekwa mahali pake, haikupungukiwa na kitu. Ilikuwa imelala pale tangu wiki iliyotangulia na mashine haikuwahi kuigusa, kwa sababu kerneli hupakiwa mara moja tu, wakati mashine inapowaka. Yetu haikuwa imewashwa upya kwa siku 163. Mimi niliyekuwa nikiwahimiza watu wasasishe simu zao nilikuwa nimekaa juu ya tundu la usalama lililo wazi, na kiraka chake, yaani marekebisho ya kuliziba, kiko chumba cha pili.

Kwa asiyeijua kerneli, nyumba za kale za mji wetu zinaieleza vizuri kuliko mchoro wowote niliowahi kuchorewa darasani. Mgeni huishia kwenye daka, ule ukumbi wa mlangoni. Akitaka maji, haendi kisimani mwenyewe. Anaomba, na mwenye nyumba anaingia ndani na kumletea kikombe. Programu zote unazozifahamu, ya kuandikia barua, ya kuvinjari mtandao, ya kutumia pesa, zimeketi dakani. Haziigusi diski wala waya wa mtandao, na hazichungulii kumbukumbu za programu nyingine. Zinaomba. Anayeombwa ni kerneli, kiini cha mfumo endeshi, na ni yeye peke yake anayeingia kila chumba. Kosa katika programu ya kawaida ni mgeni asiye na adabu, utamtoa nje. Kosa katika kerneli ni mwenye nyumba anayeweza kulaghaiwa akampa mgeni shada zima la funguo.

Seva ile ilitumia Linux, kerneli aliyoianzisha Linus Torvalds mwaka 1991 akiwa mwanafunzi kule Helsinki. Leo imo ndani ya kila simu ya Android utakayoiona njiani ukitoka Mkunguni kwenda Shela. Na tundu lililonitoa nyumbani siku ile lilikuwa limetangazwa siku kumi na mbili kabla, tarehe 7 Machi, likapewa jina Dirty Pipe. Mtu mwenye akaunti ya kawaida kabisa aliweza kuandika ndani ya faili ambalo ameruhusiwa kulisoma tu, likiwemo faili linaloorodhesha watumiaji wa mashine. Akishaandika humo anaweza kujifanya msimamizi mkuu. Ofisi ile ilikuwa na wafanyakazi kadhaa wenye akaunti, na vijana wa mafunzo waliokuja miezi mitatu mitatu, nao pia tuliwapa akaunti. Wengine walikuwa wameshaondoka na akaunti zao zingali hai.

Nataka nikae kidogo juu ya jinsi tundu lile lilivyopatikana, kwa sababu sijapata kusoma habari ya kompyuta iliyonifunza zaidi.

Max Kellermann alikuwa mtengenezaji programu katika kampuni ya Kijerumani inayohifadhi tovuti za wateja. Mwishoni mwa Aprili 2021 mteja mmoja alilalamika kwamba faili la kumbukumbu za tovuti yake, lile lililobanwa ili lipungue ukubwa, halifunguki. Kellermann alilitazama akakuta yaliyomo ni mazima, ila hesabu ya uhakiki iliyo mkiani, ile inayothibitisha kwamba hakuna kilichobadilika, haikubaliani nayo. Akairekebisha kwa mkono, akayafunga malalamiko. Nani asingefanya hivyo? Diski mbovu, hitilafu ya kupita, shetani amepita njia. Miezi ikapita, likaja faili jingine. Kisha jingine.

Hapo ndipo ninapomheshimu. Hakuendelea kuyarekebisha moja moja. Aliyakusanya yote yaliyoharibika akaanza kuyalinganisha. Kila mara zilikuwa baiti nane za mwisho. Kila mara baiti hizo zilikuwa zilezile. Na karibu kila mara lilikuwa faili la siku ya mwisho ya mwezi. Baiti nane katika faili la mamilioni ya baiti ni punje ya mchanga kwenye fungu zima la Shela, lakini punje hii ilikuwa na sura: ilikuwa ni mwanzo wa ile orodha inayowekwa mwishoni mwa faili la aina ya ZIP. Kampuni yao ilikuwa na huduma ya kuyakusanya mafaili ya siku zote za mwezi na kumpa mteja kifurushi kimoja cha ZIP. Huduma ile iliyapitisha mafaili moja baada ya moja, na baada ya lile la mwisho ikaandika orodha. Kwa namna fulani mwanzo wa orodha ulikuwa ukimwagikia ndani ya faili la mwisho.

Jambo hilo halikuwezekana. Huduma yenyewe haikuwa na ruhusa ya kuandika kwenye mafaili yale, ilikuwa ikiyasoma tu.

Kwa mtu wa kazi hii, kuishuku kerneli ni kama nahodha kuishuku dira. Unajihoji mwenyewe kwanza, na mara kumi. Kellermann alijihoji, akaukagua msimbo wake, kisha akaandika programu mbili ndogo sana. Ya kwanza iliandika herufi A katika faili, A tu, bila kukoma. Ya pili ililisoma faili hilo na kulipitisha katika bomba, yaani ile njia ya kerneli inayounganisha programu moja na nyingine, halafu ikaandika herufi B katika bomba lilelile. Hakuna yeyote aliyeandika B katika faili. Akalifungua faili, akazikuta B.

Chanzo chenyewe ni hiki. Ili kuokoa muda, kerneli haiyanakili yaliyomo ya faili kuyatia ndani ya bomba. Inachofanya ni kulielekeza bomba kwenye ukurasa wa kumbukumbu ya muda ya mashine (RAM) ambamo faili hilo limeshasomwa. Kila nafasi ya bomba ina alama ndogo inayosema iwapo maandishi yanayofuata yanaweza kumiminwa kwenye ukurasa uleule. Nafasi hizo hutumiwa tena na tena, kama vikombe vya kahawa pale barazani, na kabla ya kumpa mteja mwingine kikombe ilipasa kisuuzwe. Hakikusuuzwa. Alama ya aliyetangulia ikabaki inasema “mimina hapa”, na maandishi ya mgeni yakamiminwa kwenye ukurasa wa faili asiloruhusiwa kuligusa.

Msimbo uliosahau kusuuza uliandikwa mwaka 2016. Wakati huo alama yenye maana hiyo haikuwepo, kwa hiyo usahaulifu ule haukumdhuru mtu. Mwaka 2020, katika toleo la 5.8, mtu mwingine akaleta alama hiyo, kwa nia njema na kwa msimbo safi. Aliyekagua kazi ya 2016 asingeona hatari. Aliyekagua ya 2020, naye asingeiona. Hatari ilizaliwa pale zilipokutana.

Kiraka chake kilikuwa na mistari miwili. Mstari mmoja, umeandikwa mahali pawili, unaosema: alama hii iwe sufuri. Karibu miezi kumi ya kutafuta, kisha mistari miwili. Tarehe 20 Februari 2022 Kellermann aliwapelekea taarifa na kiraka watu wanaosimamia usalama wa kerneli. Siku ya pili kiraka kikawekwa mbele ya watengenezaji wote, bila kutaja kwamba kinaziba tundu la usalama. Tarehe 23 matoleo mapya yakatoka. Tarehe 7 Machi akaeleza kila kitu hadharani.

Na tarehe 19 mimi nilikuwa bado ninaendesha kerneli ya Oktoba.

Nilifanya nilichofikiri ni wajibu. Niliwaomba waliokuwa kazini wahifadhi kazi zao, nikaizima mashine, nikaiwasha. Dakika tatu. Nikauliza tena: kerneli mpya. Nikafunga akaunti za vijana walioondoka, nikakagua orodha ya watumiaji, nikapitia kumbukumbu za nani aliingia lini, nikazihakiki programu zenye mamlaka ya juu. Kila kitu kilikuwa safi. Nikarudi nyumbani nikala, nikalala.

Saa nane za usiku nikaamka na jambo moja kifuani. Anayetumia Dirty Pipe haandiki kwenye diski. Anaandika kwenye nakala ya faili iliyo kwenye kumbukumbu, na kerneli yenyewe haina habari kwamba ukurasa umebadilika, kwa hiyo haioni sababu ya kuupeleka kwenye diski. Mashine ikizimwa, nakala inapotea, na kwenye diski linabaki faili lilelile la awali kana kwamba halikuguswa na mkono. Nilichopaswa kufanya, kabla ya kuizima, ni kuyasoma mafaili muhimu ingali macho na kuzilinganisha hesabu zao za uhakiki na zile za asili, kwa kuwa kusoma hupitia nakala ileile ya kumbukumbu. Kazi ya nusu saa. Badala yake niliziba tundu na kwa tendo hilohilo nikasuuza sakafu ambayo huenda ilikuwa na nyayo. Usafi nilioukagua jioni ulikuwa ni usafi nilioutengeneza mwenyewe.

Asubuhi nilikwenda kijiji cha Matondoni. Mwezi ulikuwa umepevuka siku mbili nyuma, bamvua, maji yamejaa hadi juu kabisa kisha yakatoka mbali, na Ami alikuwa ameipweleza mashua yake mchangani ili aifanyie kalafati. Nilimkuta amechutama chini ya ubavu, anaisukumia pamba iliyorowa mafuta ndani ya maungio ya mbao kwa patasi na nyundo, polepole, akisikiliza mlio. Mashua ilikuwa ikiingiza maji kwa mbele, yeye anaziba kwa nyuma.

“Ami, si maji huonekana huku mbele?”

“Ndia ya mayi haioneki kwa mato, mwanangu.” Akanionyesha kwa patasi: yanaingia huku kwenye ubao huu, yanatambaa juu ya mkuku chini ya sakafu, yanatokeza kule. Ukipaziba pale yanapotokeza, mashua itavuja mahali pengine kesho.

Nikamsimulia habari za Kellermann na zile baiti nane. Alisikiliza bila kuacha kazi. Nilipofika pale ambapo kiraka huwekwa wazi kila mtu akisome, patasi ikasimama.

“Mwaziba tundu, kisha mwawambia wevi lilikuwa wapi?”

Nikamwambia ndiyo, Ami, ndivyo. Akanitazama kama mtu anayesubiri nimalizie. Nami sikuwa na la kumalizia, kwa sababu alikuwa ameligusa jambo gumu kuliko yote katika kazi hii.

Msimbo wa Linux uko wazi. Kiraka kikitoka, mtu yeyote anaweza kuliweka toleo la zamani kando ya jipya na kuona mistari iliyoongezwa. Ukiona alama imewekwa sufuri mahali ambapo haikuwekwa, umeshaambiwa tundu lilikuwa wapi. Windows nayo, ingawa msimbo wake umefungwa, wajuzi hulinganisha programu iliyokwisha kutengenezwa, ya jana na ya leo, wakafika palepale. Kiraka ni ramani. Siku kinapotoka ndiyo siku mashine ambazo hazijakivaa zinakuwa katika hatari kubwa kuliko jana yake. Mwaka 2017 Microsoft ilitoa kiraka tarehe 14 Machi. Tarehe 12 Mei kirusi cha WannaCry kikapita katika tundu lilelile na kuzifunga kompyuta za hospitali nchini Uingereza na za watu katika nchi nyingine nyingi. Siku 59. Waliovaa kiraka hawakuguswa na njia ile.

Je, basi kingefichwa? Kuna kisa kinachonijibu kila nikishawishika kudhani hivyo. Mwishoni mwa 2017, programu inayoipima Linux kwa kuirushia maombi ya ovyo mchana na usiku ilikuta kosa katika sehemu ambayo simu za Android huitumia kupitisha ujumbe kati ya programu. Kosa hilo lilikuwa la kutumia kumbukumbu iliyokwisha rudishwa: umehama nyumba, ukabaki na ufunguo, na siku moja ukafungua chumba ambacho sasa kina mpangaji mwingine. Mwanzoni mwa 2018 likarekebishwa katika kerneli. Lakini halikupewa nambari ya utambulisho wa udhaifu, halikutangazwa kuwa ni la usalama, likapita kimya kama marekebisho mengine elfu. Simu nyingi zilizotengenezwa kwa matoleo ya nyuma hazikuyapata marekebisho hayo. Mwaka 2019 watafiti wa Google wakapata habari kwamba lilikuwa likitumiwa kudukulia watu, na Oktoba mwaka huo kiraka kikatolewa kwa simu zilizokuwa zimeachwa. Ukimya haukuwazuia wezi, uliwazuia wenye nyumba.

Kwa hiyo nilipompata Ami tena baada ya swala ya adhuhuri nilimjibu hivi: mashua yako ni moja, Ami, na ukiiziba imezibwa. Hii ni mashua moja yenye nakala mamilioni, kila nakala ina nahodha wake, na wengi wao hawajui kama wana mashua. Hatuna njia ya kuwafikia manahodha wote isipokuwa kupiga mbiu, na mbiu ikipigwa, mwivi naye ana masikio. Akasema, “Basi apigiwaye mbiu na akimbie.” Sikuwa nimelitazama hivyo. Katika kazi yangu mimi ndiye niliyetakiwa kukimbia.

Tangu Februari 2024 watengenezaji wa kerneli ya Linux wanatoa wenyewe nambari za CVE, zile za utambulisho wa udhaifu, kwa makosa wanayoyaziba. Zimekuwa maelfu kwa mwaka, na wasimamizi wa mashine wengi wanalia kwamba hawawezi kuzisoma zote. Mimi mwenyewe siwezi. Hata hivyo naona walichagua sawa. Katika kerneli kosa dogo lolote linaweza siku moja kukutana na mwenzake, kama la 2016 lilivyokutana na la 2020, na anayeitengeneza hajui mashine yako ina nini ndani. Greg Kroah-Hartman, anayetunza matoleo imara ya Linux, amekuwa akisema kwa miaka: usichambue viraka, chukua vyote. Zamani nilikuwa nikidhani huo ni ukali. Sasa ndivyo ninavyofanya.

Ila simu. Hapa mjini simu nyingi zimenunuliwa mkononi, au zimeletwa na jamaa kutoka Mombasa au Ughaibuni baada ya wao kupata mpya. Kerneli yake ni ya mwaka ilipotengenezwa, na mtengenezaji akishaacha kutoa masasisho, mbiu ipigwe isipigwe, hakuna wa kukimbia. Ndani ya Android, kwenye mipangilio, kuna mahali panapoonyesha tarehe ya kiraka cha usalama cha mwisho. Nina desturi ya kuisoma tarehe hiyo kwa jamaa zangu tukikaa barazani jioni. Simu ya shangazi yangu ilisema 2019. Ndiyo anayopokelea pesa za biashara yake ya mikeka, ndiyo yenye picha za wajukuu. Nilimwambia apunguze programu, asishushe kitu nje ya duka rasmi, na tukaanza kuchangishana ili apate nyingine. Huo si ufundi wa kerneli, najua, lakini kwa watu wangu ndio urefu wa kamba uliopo.

Kitu kimoja zaidi kuhusu wanaoziba. Kiraka cha kerneli kikiandikwa vizuri kina mstari unaolitaja lile badiliko la zamani lililoleta kosa, kwa herufi kumi na mbili za kwanza za utambulisho wake. Hakuna lawama katika mstari huo. Unasaidia wanaotunza matoleo ya nyuma wajue kama nao wana tundu hilo. Lakini kila ninapousoma naona mtu anaonyeshwa palepale alipokosea, mbele ya ulimwengu, na kazi inaendelea. Oktoba 2016, lilipozibwa tundu jingine la Linux, Dirty COW, aliyeandika kiraka alikuwa Torvalds mwenyewe. Akaeleza ndani yake kwamba alikwisha kujaribu kuliziba miaka kumi na moja nyuma, akaliziba vibaya, na zibo lile likaondolewa kwa sababu lilisumbua aina fulani ya mashine. Zamani mbio zile, za kazi mbili zinazokwenda pamoja kushindania ukurasa mmoja, zilionekana ni za nadharia tu. Usimamizi wa kumbukumbu ukaboreshwa uhudumie kazi nyingi kwa pamoja, nadharia ikawa mlango. Na hata zibo la 2016 halikutosha: Novemba 2017 watafiti wengine walionyesha kwamba lilisahau kurasa kubwa za kumbukumbu, likazibwa tena.

Nilikuwa na mstari huo akilini Jumatatu nilipokwenda kwa mkuu wa ofisi. Nilimweleza kwa utaratibu: tundu lilikuwa hivi, kiraka kilikuwepo, sikuiwasha upya mashine, na Jumamosi nilipoiwasha nilifuta ushahidi ambao ungetuambia kama kuna aliyepita.

Akanyamaza kidogo. “Kwa hiyo wasema hatujui.”

“Hatujui, Bwana. Nimekagua yote yanayokaguliwa baada ya kuwashwa, sikuona kitu. Lakini kuna sehemu haikaguliki tena.”

“Na kuizima na kuiwasha kunachukua muda gani?”

“Dakika tatu.”

“Dakika tatu,” akarudia, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue hakuwa na la kuongeza.

Wiki ile tulibadilisha maneno ya siri ya kila mtu, tukakaa na wafanyakazi wote tukawaeleza sababu, bila kumshuku yeyote. Kijana mmoja wa mafunzo aliuliza kama yeye ndiye anayeshukiwa, na ilinichukua muda kumtuliza. Hilo nalo lilikuwa gharama ya zile siku.

Sasa mashine huzimwa Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi baada ya alfajiri, kabla watu hawajafika, na siku yoyote mbiu ikipigwa. Mafaili muhimu huhakikiwa kwanza ingali macho, na hesabu zake huwekwa kwenye mashine nyingine. Mkuu wa ofisi bado huwaonyesha wageni kile kijichumba. Huwaambia kuhusu betri na sola.

Asubuhi hii nimeiuliza tena imekuwa macho kwa muda gani. Siku 6.